Pimeni tope la ziwa kabla ya kuamua kuhusu zebaki: barua ya wazi kutoka Kisumu

Kwa: Waziri wa Mazingira, Waziri wa Madini, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Magavana wa Kaunti za Migori, Homa Bay, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega na Vihiga, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu.

MINT: KUPIMA HISTORIA YA ZEBAKI KATIKA TOPE LA ZIWA VICTORIA NA MIDOMO YA MITO YAKE

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu zebaki, na hasa kuhusu njia moja ya kujua ni lini ilianza kuingia katika Ziwa Victoria, kwa kiasi gani na kutoka wapi. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mnamo Oktoba 2013. Mkataba huo ulianza kutumika duniani tarehe 16 Agosti 2017, na nchi yetu ikauridhia mwaka 2023. Kwa kuuridhia tuliahidi kupunguza matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, na kuyakomesha pale inapowezekana. Ahadi hiyo ni njema, lakini ina pengo: hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kitu kimepungua iwapo haijulikani kilikuwa kiasi gani hapo awali. Ombi langu ni kwamba kipimo hicho cha awali kitafutwe mahali kilikohifadhiwa, yaani katika tope lililolala chini ya ziwa na kwenye midomo ya mito inayoliingia.

Mimi ni mwalimu wa kemia mjini Kisumu, na baadhi ya wanafunzi wangu hutoka Nyatike, Rongo na Ikolomani, katika familia ambazo dhahabu ndiyo inayolipa karo. Sitaki barua hii isomwe kama mashtaka dhidi ya wachimbaji wadogo. Ninaamini kwamba wao ndio wa kwanza kudhurika na zebaki, na kwamba wao ndio watakaolaumiwa kwa kila kitu iwapo serikali itaamua bila vipimo.

Anayetaka kuelewa jinsi zebaki inavyofika ziwani na asimame kwa saa chache katika machimbo yoyote ya Nyatike. Mawe husagwa kinuni hadi yawe unga, unga huo hupitishwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa gunia, na mchanga mzito unaonaswa na gunia hukung'utwa ndani ya karai. Mara nyingi kazi inayofuata ni ya mwanamke. Humimina zebaki kidogo kutoka kwenye kichupa cha dawa na kukanda mchanga ule kwa mikono mitupu mpaka matone meupe yanayong'aa yakusanyike pamoja, yakiwa yameshika dhahabu. Huyaweka ndani ya kipande cha kitambaa na kukikamua kwa nguvu, zebaki iliyozidi ikadondoka ndani ya kisahani ili itumike tena, na kitambaani hubaki kidonge kidogo cha kijivu. Kidonge hicho huwekwa juu ya makaa. Moshi wake hauonekani vizuri na hauna harufu ya kumwonya mtu. Baada ya dakika chache rangi ya kijivu imetoweka na dhahabu imebaki, ilhali zebaki iliyokuwa ndani yake imeingia mapafuni mwa walioinamia jiko, watoto wakiwemo, au imepaa.

Inayopaa hurudi chini, nyingine karibu na nyingine mbali sana. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na binadamu, takriban asilimia 38 ya tani 2,220 zilizotolewa mwaka 2015. Kinachobaki chini ni maji machafu ya karai na vilima vya mchanga uliokwisha kusagwa. Mchanga huo haulali bure, kwani huuzwa ili uloweshwe kwa sianidi, kemikali yenye sumu, na kutoa dhahabu iliyosalia. Sianidi ikikutana na zebaki huifanya iyeyuke na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi. Mvua ikinyesha, vijito hubeba mchanganyiko huo hadi Mto Migori, ambao huungana na Mto Kuja na kuingia ziwani huko Nyatike. Upande wa kaskazini, maji ya machimbo ya Kakamega hufuata Mto Isiukhu hadi Nzoia, na mengine huingia Mto Yala.

Zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji, kwa hiyo matone makubwa huzama karibu na machimbo. Sehemu inayosafiri ni ile iliyogandamana na chembe laini za udongo wa mfinyanzi na mabaki ya mimea. Chembe hizo hutulia pale mkondo unapopoteza kasi, kwenye mafunjo, mdomoni mwa mto, na katika ghuba zenye maji tulivu. Humo ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria wanaotumia salfeti huigeuza zebaki kuwa zebaki ya kimethili. Hiyo ndiyo inayoingia katika viumbe na kuongezeka kila mmoja anapomla mwenzake: kutoka mwani hadi omena na fulu, kutoka hao hadi mbuta, kisha hadi mezani. Humwathiri zaidi mtoto aliye tumboni, kwa sababu hupita kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo unaojengeka.

Uchimbaji wa dhahabu katika eneo letu haukuanza na wachimbaji wa leo. Mbio za dhahabu za Kakamega zilianza mwaka 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi za Waafrika ili ardhi hiyo ichukuliwe kwa ajili ya migodi kwa urahisi zaidi. Yaliyotendewa wenyeji wakati huo yangestahili barua nyingine. Mgodi wa Rosterman ulichimba hadi miaka ya 1950, na ule wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966. Katika enzi hiyo kunasa dhahabu kwa zebaki lilikuwa jambo la kawaida duniani. Hata hivyo, vitabu vya kampuni viliandika dhahabu iliyouzwa, wala havikuandika zebaki iliyopotea mtoni. Tukipima maji ya leo pekee, tutaona mchango wa leo pekee, tena wa siku hiyo moja, kwa sababu maji ya mto hupita na zebaki ndani yake hubadilika kila mvua inaponyesha.

Tope halipiti. Kila mwaka tabaka jembamba huongezeka juu ya lile la mwaka uliotangulia, kama magunia yaliyopangwa ghalani, lililotangulia likiwa chini. Kulichukua bila kulivuruga ni kazi ya ufundi, lakini haihitaji maajabu. Bomba la plastiki angavu huteremshwa kutoka mashuani hadi lizame wima ndani ya tope, huzibwa juu ili kilichomo kisichomoke, kisha huvutwa polepole. Likisimamishwa penye mwanga, mtu huona mwenyewe: juu kuna maji, chini yake uji wa kahawia unaotikisika kwa kila wimbi, halafu tope jeusi linalonuka mayai viza, halafu udongo mzito wa kijivu, na hapa na pale mstari wa mchanga ulioletwa na mafuriko. Tope hilo husukumwa kutoka chini na kukatwa vipande vya sentimita moja moja, na kila kipande hutiwa kwenye chombo chake safi, huandikwa kina chake na kuwekwa kwenye barafu. Kosa dogo hapa, kama kisu ambacho hakikuoshwa kati ya kipande na kipande, huhamisha mwaka mmoja hadi mwingine.

Umri wa kila kipande hupatikana kwa namna inayonivutia kila ninapoifundisha. Miamba ya dunia hutoa gesi ya radoni, nayo ikiwa hewani huzaa aina ya madini ya risasi yenye mnururisho iitwayo risasi-210, ambayo hushuka na mvua na vumbi na kutulia ziwani bila kukoma. Ikiisha kufunikwa tabakani, hupungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka 22. Kwa kulinganisha kilichosalia katika kila kipande, mtaalamu hukadiria mwaka kipande hicho kilipotulia, na anaweza kurudi nyuma kwa karne moja au zaidi kidogo. Kwetu hapa muda huo unafika karibu na mwaka 1901, reli ilipofika Kisumu, wakati hapajakuwa na mgodi wala kiwanda. Ipo pia alama ya pili ya kuhakikisha hesabu, yaani seziamu-137 iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo ilifikia kilele karibu na mwaka 1963. Karibu na ikweta alama hiyo ni hafifu, kwa hiyo haifai kutegemewa peke yake. Sisi tunayo nyingine ya nyumbani: mvua kubwa za 1961 hadi 1964, zilizopandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili na kushusha udongo mwingi mitoni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa washauri wenu walizingatie kuliko mengine yote. Zebaki ikionekana kuongezeka katika tabaka za juu, haitoshi kusema wachimbaji wameongezeka. Udongo wenyewe una zebaki ya asili, na nyingine imeshuka juu yake kutoka angani tangu viwanda vilipoanza duniani. Misitu ilipokatwa na miteremko ya Nyando, Nzoia na Kuja ikalimwa hadi kingo za mito, udongo huo ulishuka kwa wingi na kuibeba zebaki yake ziwani. Kwa hiyo mtafiti makini hapimi zebaki peke yake. Hupima pia alumini, inayomweleza ni kiasi gani cha udongo kimeletwa, na kaboni ya mabaki ya viumbe. Hukokotoa pia zebaki iliyotua kwa kila sentimita ya mraba kwa mwaka, kwa kuwa tope likijaa haraka kiwango cha zebaki kwa kila gramu ya tope huonekana kidogo hata kama kinachoingia ni kingi. Zebaki ina isotopu (yaani aina za atomi zinazotofautiana kwa uzito) saba zisizonururisha, na uwiano wake unaweza kusaidia kutofautisha iliyotoka machimboni na iliyotoka angani au kwenye udongo. Tena, wadudu na samaki wanaochimba, kamongo akiwemo, huvuruga tabaka za juu, ndiyo sababu sampuli moja kutoka ghuba moja haiwezi kuitwa ushahidi.

Tahadhari hii ina msingi katika mambo yaliyotokea papa hapa. Mwaka 2001 daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyejulikana kwa kazi yake miongoni mwa waathiriwa wa sumu ya zebaki huko Minamata, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya vipimo vya nywele za wakazi wa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Walipokuta watu wenye zebaki nyingi mno walifuatilia chanzo, na wakakikuta katika sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Kama wangeridhika na dhana ya kwanza, lawama ingemwangukia samaki au mchimbaji, na sabuni ingeendelea kuuzwa bila mtu kuishuku. Vipimo vya samaki vilivyochapishwa kuhusu upande wetu wa ziwa vimeonyesha kwa jumla viwango vilivyo chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo, ambacho kimetumika kimataifa kwa muda mrefu. Simwambii mtu yeyote aache kula mbuta, wala omena, ambaye kwa kuwa mdogo na chini katika mlolongo wa ulaji hukusanya zebaki kidogo zaidi.

Mito mingine duniani imeonyesha kwa nini historia hii haiwezi kuachwa. Mgodi wa zebaki wa Idrija, katika nchi inayoitwa Slovenia leo, ulifanya kazi kwa takriban miaka 500 tangu mwishoni mwa karne ya 15. Mabaki yake yalishuka na Mto Soča hadi Ghuba ya Trieste, na mgodi ulipofungwa karibu na mwisho wa karne ya 20, zebaki haikukoma kufika baharini, kwa sababu kingo za mto zilikuwa zimejaa mashapo ya karne zilizopita na kila furiko huzimega. Huko California, dhahabu iliyochimbwa kuanzia mwaka 1848 iliacha zebaki katika matope ya ghuba zilizo kaskazini mwa San Francisco. Baadaye mito ilipoleta mashapo machache, matope hayo ya zamani yalianza kumomonyoka na kurudi majini. Yote mawili yanauhusu Mto Kuja moja kwa moja. Tukifunga machimbo yote kesho, bado tungehitaji kujua kilicholala kingoni na mdomoni mwake, na mtu anayechota mchanga wa ujenzi humo kwa mashine anaweza kuwa anafukua mwaka 1935 bila kujua.

Kwa hiyo naomba kwanza kwamba sampuli za tope zichukuliwe mdomoni mwa Kuja, Yala na Nzoia, na katika Ghuba ya Winam karibu na Kisumu na karibu na mlango wake wa Mbita, mahali pasipopungua pawili katika kila eneo. Naomba pia ichukuliwe sampuli ya kulinganisha kutoka ziwa dogo la Simbi karibu na Kendu Bay, ambalo haliingiwi na mto mkubwa, ili tuone ni zebaki ngapi imeshuka kutoka angani pekee. Watu wa kufanya kazi hii tunao. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi (KMFRI) ina kituo hapa Kisumu, vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga haviko mbali na ziwa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia. Ziwa hili limewahi kupimwa, na utafiti wa maji, mashapo na udongo wa upande wake wa kaskazini ulichapishwa mwaka 2003, lakini tangu wakati huo bei ya dhahabu imepanda sana na mashimo yamefunguliwa mahali ambapo hapakuwa na machimbo.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, mradi wowote wa kuchimbua tope, uwe wa bandari, wa kufungua njia ya mashua au wa kuvuna mchanga katika midomo ya mito hiyo, usiidhinishwe na NEMA mpaka tope la mahali hapo lipimwe zebaki hadi kina kitakachochimbwa, si la juu pekee. Kupima la juu pekee ni kupima miaka michache ya mwisho na kuacha yaliyo chini yake.

Kuhusu wachimbaji, naomba msisubiri matokeo yote. Kifaa cha chuma kilichofungwa, kinachoukamata moshi wa zebaki na kuupoza ili zebaki itumike tena, si teknolojia ngumu, na fundi wa jua kali akionyeshwa anaweza kukitengeneza. Meza za kutikisa zinazotenganisha dhahabu kwa uzito wake hupunguza haja ya zebaki tangu mwanzo. Sheria ya Madini ya 2016 ilifungua njia ya vibali kwa wachimbaji wadogo, na mwenye kibali anaweza kufunzwa, kukopeshwa na kukaguliwa. Asiye nacho hujificha, naye akijificha huchoma zebaki yake ndani ya nyumba, karibu na kitanda cha mtoto. Misako ya polisi machimboni haijawahi kuondoa hata tone moja la zebaki mtoni.

Mwisho naomba matokeo yote yawekwe wazi: kila kipande, kina chake, umri wake uliokadiriwa na mashaka yaliyomo katika makadirio hayo, kwa lugha ambayo kamati za fuo za Dunga, Sori na Usenge zinaweza kuisoma. Wanafunzi wangu waliwahi kuiandikia ofisi moja ya umma kuomba vipimo vya mto unaopita karibu na kwao, wakajibiwa kwa mdomo kwamba takwimu hizo ni za matumizi ya ndani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na salama. Najua hoja inayotolewa faraghani, kwamba kutangaza habari za zebaki kutaua soko la mbuta. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili mara kadhaa kwa sababu za kiafya, na wavuvi walioumia walikosa hoja ya kujitetea kwa sababu hatukuwa na vipimo vya kutosha vya kwetu wenyewe. Mnunuzi akija na vipimo vyake sisi tukiwa hatuna chochote, tutaamini vyake.

Sampuli hizi zinafaa kuchukuliwa katika miezi ya kiangazi, Januari na Februari, kabla mvua za masika hazijavuruga midomo ya mito. Naomba jibu la maandishi linalotaja ofisi itakayosimamia kazi hii, bajeti yake, na tarehe ambayo bomba la kwanza litateremshwa mdomoni mwa Kuja. Shule yetu iko tayari kutoa wanafunzi wa kusaidia kuosha vyombo, kuandika vibandiko na kunakili matokeo.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa kemia,
Kisumu